Ukitaka Kuijua Queen, Anza na Demo za 1971

Wapenzi wa roki hapa Dar hatuko wengi, na tunajuana. Kijana akishasikia kwamba nimeanza kuisikiliza Queen, bendi ya roki ya Uingereza, tangu enzi za kaseti, swali huwa ni lile lile: nianzie wapi? Anategemea nimtajie ule mkusanyiko wa nyimbo zilizotamba, ambao kila mtu anao kwenye simu. Mimi namwambia aanze na demo, yaani rekodi za majaribio za kuombea mkataba: nyimbo tano zilizorekodiwa bure.

Mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia Wembley, London, ikiwa na vyumba vipya na mitambo mipya. Wenye studio walihitaji bendi yenye kelele za kutosha ili wajaribu mitambo na kuwaonyesha wateja kazi yake. Queen walikuwa na kelele na hawakuwa na hela. Wakakubaliana: bendi inapiga, studio inarekodi, na mwisho wa shughuli bendi inaondoka na demo yake. John Deacon, mpiga besi, ndiyo kwanza alikuwa amejiunga mwaka huohuo. Mwimbaji ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Unguja aliyeondoka Zanzibar na familia yake mwaka 1964, na kufikia hapo alikuwa ameshajiita Freddie Mercury. Nyimbo tatu kati ya hizo tano ni zake: Great King Rat, Jesus na Liar. Mbili ni za mpiga gitaa Brian May: Keep Yourself Alive na The Night Comes Down.

Sasa, kabla hujamaliza bando lako, tafuta nakala halali. Kule YouTube kumejaa vitu vinavyoitwa "demo ya Queen" ambavyo ni nyimbo za albamu tu, mtu kazipunguza kasi kidogo au kaondoa gitaa. Kuna njia nyepesi ya kumkamata mwongo. Chagua sehemu ambayo Roger Taylor anazungusha dramu kuingia kwenye kiitikio, uisikilize kwenye hiyo inayodaiwa kuwa demo, kisha kwenye albamu. Hakuna mpiga dramu anayeurudia mzunguko mmoja kwa usawa uleule, pigo kwa pigo, siku mbili tofauti. Zikilingana kabisa, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa kwa The Night Comes Down, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Nakala halali zipo za aina mbili, na tofauti yake ina maana. Ya kwanza ilitoka mwaka 2011, ikiwa nyongeza kwenye toleo jipya la albamu ya kwanza. Ilitolewa kwenye sahani ya asetati aliyokuwa ameitunza Brian May mwenyewe. Asetati ni sahani laini ya kusikilizia studio, haikutengenezwa kudumu. Kila sindano inapopita inakwangua kidogo. Ya pili ni ya mwaka 2024, kwenye toleo kubwa lililopewa jina Queen I, ambapo demo hizo zimechanganywa upya. Ya 2024 ni safi zaidi. Mimi bado naipenda ya 2011, kwa sababu ndiyo sauti ambayo bendi iliizungusha kwenye ofisi za makampuni ikitafuta mkataba. Usafi wa 2024 ni wa masikio ya leo.

Ukishazipata, usizisikilizie kwenye daladala. Nasema hivi nikiwa mtu wa daladala kila siku. Kelele za injini zinameza besi, na bila besi hutajua Deacon amefanya nini. Subiri usiku, baa ya jirani ikishazima spika, uvae hedifoni za waya. Hata za bei ya kawaida za Kariakoo zinatosha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sawazisha sauti. Yaani, demo na albamu zisikike kwa ukubwa uleule kabla hujaanza kuzilinganisha. Sikio la binadamu linadanganyika kirahisi, likisikia kitu kimepanda kidogo tu linadhani ni kizuri zaidi. Nimeona watu wakibishana kwa saa nzima kuhusu "uzito" wa rekodi, kumbe mmoja kaongeza sauti.

Kisha elekeza sikio kwenye dramu. Hapa ndipo hadithi yote ilipo. Baada ya demo, Queen waliingia chini ya kampuni ya Trident, iliyokuwa na studio yake, wakawa wanarekodi albamu kwa muda wa mabaki, usiku, wateja wanaolipa wakishaondoka. Trident walikuwa na mtindo wao wa dramu: sauti kavu, iliyobanwa, bila mwangwi wa chumba. Bendi haikuufurahia. Kwenye demo dramu za Taylor zinapumua, unasikia kabisa kwamba zimepigwa ndani ya chumba chenye kuta. Kwenye albamu hiyo ya kwanza, ya Julai 1973, dramu zilezile zinasikika kama mtu anapiga sanduku lililojaa nguo.

Mfano mzuri kuliko yote ni The Night Comes Down. Walijaribu kuurudia Trident, ukakataa. Mwishowe kilichoingia kwenye albamu ni rekodi ileile ya De Lane Lea. Kwa hiyo mtu anayesema hajawahi kusikia demo za Queen na anayo albamu ya kwanza, ameshaisikia moja bila kujua. Icheze albamu kuanzia mwanzo, ukifika kwenye wimbo huo utahisi hewa imebadilika.

Keep Yourself Alive nao, kwenye demo, unafunguka kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, galatoni kama wanavyoita wapigaji wetu, ambalo kwenye albamu halipo mwanzoni. Brian May amesema mara nyingi kwamba marudio hayakuwahi kuufikia ule moto wa demo. Nakubaliana naye kwa asilimia mia.

Sisi huku tuna bahati ya kuelewa jambo hili haraka. Nyimbo nyingi za dansi tunazozipenda zilirekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, pumzi moja, na hakuna aliyerudi kuzikarabati. Kama mzee wako ana kanda za zamani za Mlimani Park, zicheze siku moja na demo za Queen. Utakuta kitu kilekile: chumba kinasikika. Na kama ulidhani Dar haikuwahi kuwa na roki yake, tafuta Sunburst, bendi ya hapahapa ya miaka ya 1970. Rekodi zao za 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa Uingereza na kampuni ya Strut mwaka 2016.

Kwa wale wenye bendi: mkirekodi demo, hata kwa simu mezani kwenye mazoezi, msiifute mkishaingia studio ya kulipia. Hifadhini faili kamili, siyo ile iliyobanwa na WhatsApp, na iwe kwenye sehemu mbili, kwa sababu simu inaibiwa na diski inakufa. Prodyuza akisema wimbo umepoteza kitu, mtakuwa na pa kurudi kusikiliza ni kitu gani. Queen wasingekuwa na kanda ya Wembley, The Night Comes Down tungeupata ukiwa mkavu kama mingine.

Mpangilio wangu ni huu: Keep Yourself Alive, halafu The Night Comes Down, halafu Liar, ambao unajitanua kwenye demo kuliko kwenye albamu, na Great King Rat mwishoni. Jesus unaweza kuuruka. Sikuupenda kwenye albamu, na demo yake haijanibadilisha msimamo.