Uliza Bibi Mifugo: Anang'ata, anakojoa, anarukia watu

Mwezi huu barua za ng'ombe na kuku zimekaa pembeni. Karibu kila niliyoifungua ilikuwa ya mtoto wa mbwa. Mimi mwenyewe naandika nikiwa na mmoja chini ya meza, Kibaba, wiki ya 11, ambaye amenivua ndala ya kushoto mara mbili tangu nishike kalamu. Jina alilipata siku alipoletwa: angeenea ndani ya kibaba cha unga na nafasi ikabaki.

*

*Shikamoo Bibi. Tunakaa Goba, tuna mtoto wa mbwa wa wiki 10. Anang'ata mikono ya watoto, visigino, pindo la gauni, chochote kinachopita. Jioni ndiyo balaa lenyewe. Mume wangu anampiga kibao cha pua, lakini naona anazidi. Mama mkwe anasema tumwache, hiyo ni dalili ya mbwa mkali. Nimsikilize nani? – Mama wa wawili, Goba*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe mpe heshima zake zote, ila kwa hili usimfuate. Na baba watoto naye usimfuate.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya maziwa, membamba kama sindano za cherehani, na mdomo ndio mkono wake. Alipokuwa na nduguze walikuwa wanang'atana kutwa. Mmoja akizidisha, mwenziwe hulia "kwii" na kujiondoa, mchezo ukafa. Hivyo ndivyo wanavyojifunza kupima nguvu za taya. Wa kwako ameachishwa shule katikati ya muhula, sasa walimu ni ninyi.

Kibao cha pua ni somo baya. Mkono ukimjia usoni, ama ataona ni mchezo na kuurukia zaidi, kama unavyoeleza, ama ataanza kuuogopa. Huyo wa pili ndiye ananitia wasiwasi. Mbwa anayeogopa mkono ndiye atakayemng'ata mtoto wa jirani aliyetaka kumpapasa tu kichwani.

Meno yakigusa ngozi, acha mkono utulie kama gogo. Ukiuvuta umeugeuza panya, na panya hukimbizwa. Kisha simama, mpe mgongo, toka, funga mlango, hesabu mpaka 30. Rudi kimya kimya kama vile hakuna lililotokea. Watoto nao wafundishe kuwa mti: mikono kifuani, macho juu, mdomo umefungwa. Wakipiga mayowe na kukimbia, kwake hiyo ni sherehe. Siku ya kwanza utatoka na kurudi mpaka ujione mwendawazimu. Lakini nyumba nzima ifanye hivyo hivyo. Baba akiendelea kucheza naye kwa kumtikisia vidole, kazi yako ni kuteka maji kwa pakacha.

Na huo mdomo upeni kazi. Chukua kipande cha kanga kuukuu, kipige fundo kubwa, kiloweshe, kitie kwenye friza, kisha mpe mkiwa mnamwangalia. Baridi inatuliza ufizi. Gunzi la mahindi usimpe kabisa, hata kama kwenu mmezoea. Hukata vipande akameza, vikaziba utumbo. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka ikawa vijiti vya ncha.

Kuhusu jioni, nakuuliza: analala saa ngapi? Umri huo mbwa anahitaji usingizi wa hata saa 18 kwa siku, na nyumba yenye watoto wawili haimwachii nusu yake. Ifikapo magharibi amechoka kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi wa mchana, anageuka pepo. Saa kumi alasiri mweke chumba tulivu na gunia lake, watoto waambiwe bwana mkubwa amelala. Nitashangaa usipoona tofauti ndani ya wiki.

Meno ya ukubwani huanza kutoka kwenye mwezi wa nne, na kufikia wa saba anakuwa nayo yote 42. Baada ya hapo samani zako zitapumua.

Lingine si la tabia ila sitalala nisipolisema. Akitimiza miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, na arudiwe kila mwaka. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote ambaye chanjo yake hamuijui, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msikae mkisubiri kuona kama mbwa ataugua.

*

*Hujambo Bibi. Ninapanga ghorofa ya tatu hapa Nakuru. Mbwa wangu ana miezi 3, anakojoa kwenye zulia. Nikirudi jioni namsugua pua kwenye mkojo. Anajua kabisa amekosa, maana akiniona anashusha masikio na kuingia chini ya kochi. Kesho yake anarudia. Hiki ni kiburi gani? – Mpangaji, Nakuru*

Sijambo, kijana wangu. Si kiburi, ni kibofu.

Hayo masikio yaliyoshuka yamewadanganya wengi. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, aliwajaribu mbwa hivi: mwenye mbwa anamkataza kula kipande cha chakula, anatoka chumbani, kisha anaambiwa mbwa amekula au hakula, na mara nyingine anaambiwa uongo. Sura ya "nimekosa" ilitokea zaidi kwa mbwa aliyegombezwa, awe alikula au hakula. Wako anausoma uso wako na mshindo wa viatu vyako kwenye ngazi. Alichojifunza ni kwamba ukirudi jioni huwa umekasirika, na kwamba mkojo wake ni hatari ukiuona. Kwa hiyo kesho ataukojolea nyuma ya kochi.

Mbwa wa miezi 3 anabana saa tatu, akijitahidi sana nne. Ukitoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, hesabu haikubali, umlaumu usimlaumu. Tafuta mtu wa kumshusha mchana, hata kijana wa ploti kwa posho kidogo. Ukikosa, weka beseni pana lenye udongo na majani kwenye roshani.

Ukiwa nyumbani, mtoe kila anapoamka, kila amalizapo kula na kila amalizapo kucheza. Mbebe kwenye ngazi, akitembea mwenyewe atamalizia ghorofa ya pili. Chini simama mahali pamoja, usimsemeshe. Akimaliza, mpe zawadi palepale, maana ukisubiri mpaka mpande juu atadhani amepewa kwa kupanda ngazi. Zulia likunje miezi miwili. Sakafu osha kwa sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia ziache, zinanukia mkojo na kwake ni kibao cha "choo hapa".

*

*Assalaam aleikum, Bibi. Nina duka Ngamiani, Tanga. Tumeibiwa stoo mara mbili, nikachukua mtoto wa mbwa wa kulinda uani. Sasa ana miezi 4, anamrukia kila anayeingia. Juzi alimrukia mzee jirani aliyekuwa anakwenda msikitini, kanzu nyeupe pee. Ikabidi arudi kwake. Mama yangu ananiambia nichague, yeye au mbwa. – Muuza duka, Tanga*

Waaleikum salaam, mwanangu. Hukumu ya najisi mpelekee shekhe wako, sitavaa kilemba kisicho changu. Ninachojua ni kile anachokijua kila aliyekulia pwani: kwa madhehebu ya Shafi, palipoingia mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mbwa wa ulinzi ameachiwa nafasi yake. Kwa hiyo mzee hakufanya maringo kurudi nyumbani. Nenda kamtake radhi, na usiende mikono mitupu.

Mimi nishughulike na miguu. Alipokuwa mdogo alikuwa akisimama kwa miguu miwili mnamcheka na kumnyanyua. Kilichobadilika ni uzito tu, yeye anasalimia vilevile. Mkimsukuma kwa goti au kumpigia kelele, bado amepata alichotaka, yaani kushughulikiwa.

Nunua dagaa wakavu wasio na chumvi. Shika mmoja juu ya pua yake, umpeleke polepole nyuma kuelekea masikioni. Kichwa kikienda juu makalio yanashuka. Yakigusa chini tu, mpe. Dagaa kumi asubuhi, kumi jioni, na baada ya siku mbili tatu anza kutamka "kaa" kabla ya mkono. Akilielewa, mfunge kamba uani, mwambie kijana wa dukani aje kama mgeni. Miguu ya mbele ikinyanyuka, mgeni anarudi hatua mbili. Ikitulia, anasogea. Atafanya hesabu mwenyewe.

Wapo watakaosema unamhonga. Hapa Morogoro, kwenye viwanja vya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa mlio mdogo wa "tik" na kionjo cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alikwenda Kambodia kufanya kazi, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Panya! Wako ni mbwa mzima.

Lakini mafunzo yanataka wiki, na swala ni mara tano kila siku. Mpaka atakapotulia, weka kigeti ndani ya ua, na nusu saa kabla ya adhana awe nyuma yake. Bakuli na gunia lake vipeleke upande ulio mbali na bomba la udhu. Mwonyeshe mama hiyo mipaka kwanza, kabla hajakuuliza tena umchague nani.

*

*Bibi, shikamoo. Nilinunua German Shepherd wa wiki 8 kwa bei ya mbuzi watatu. Muuzaji akaniambia nimfunge mnyororo bandani, asiguswe na mtu ila mimi, na nimchanganyie pilipili kwenye ugali awe mkali. Sasa ana miezi 5. Bodaboda ikipita anatetemeka mpaka anajikojolea, na usiku anabweka kutoka saa nne hadi alfajiri. Majirani wamefika kwa balozi. – Baba mwenye nyumba, Njiro, Arusha*

Marahaba, baba. Hapa sitacheka, kwa kuwa hayo niliyafanya mimi, na cheti cha mifugo kikiwa ukutani.

Kituo changu cha kwanza nilikuwa na mbwa akiitwa Chui. Nikamfunga angali mdogo, nikakataza watu, nikajisifu kwamba nina askari. Usiku mmoja wezi waliingia wakabeba baiskeli ya serikali na sufuria mbili. Nilimkuta Chui amesukumiza kichwa kwenye kona ya banda, matako nje, anatetemeka. Wiki iliyofuata alimng'ata binti aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi. Chui alimwogopa mwizi na alimwogopa binti, ila binti ndiye aliyekuwa mdogo. Ile baiskeli nilikatwa mshahara.

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mbwa anaandika orodha ya vitu vya kawaida duniani: bodaboda, mwavuli, mtu wa ndevu, mama mwenye ndoo kichwani, watoto wa shule wakitoka saa nane. Kisichoingia kwenye orodha wakati huo, baadaye anakiona jini. Wako tangu wiki ya 8 alikuwa akitazama mabati.

Wasomaji wenye wadogo zaidi msinisome vibaya, kuna parvo nje, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kabla hajamaliza mbebeni, kwenye kikapu ikibidi, aone na asikie, ila asikanyage wanapopita mbwa wa mtaani.

Wewe, baba, umechelewa lakini hujafungiwa mlango. Mnyororo utoe leo. Mchana akae mnapokaa. Kisha mpeleke umbali ambao anaiona bodaboda na bado anakula nyama ukimpa. Hicho ndicho kipimo: akikataa kula, mko karibu mno, rudini nyuma. Pikipiki ikitokea, nyama inatokea. Ikipotea, nyama inapotea. Sogea mita chache kwa siku, usimburute. Hii ni kazi ya miezi. Akizidi kuogopa, mwone daktari wa mifugo.

Kubweka usiku ni upweke. Hajui analinda nini, nyumba yenyewe hajawahi kuingia. Leta banda mahali anapouona mlango wenu, mtembeze jioni, mpe chakula chake cha mwisho usiku. Pilipili inamuunguza tumbo na kumharisha, basi. Mbwa mwenye tumbo bovu ana hasira kweli, ila hasira hiyo haichagui mwizi.

*

*Bibi, wa kwangu nikimwita anakimbia. Nikimfuata ili nimfunge au nimwogeshe dawa ya kupe, ndiyo kabisa. – Dodoma*

Umejijibu mwenyewe, mwanangu. Ningekuwa yeye nami ningekimbia. Kwa wiki mbili mwite mara kumi kila siku bila shida yoyote, mpe dagaa, mwache aende zake. Siku ya dawa ya kupe usimwite kabisa, mwendee taratibu alipo. Na usimfukuze, kwake huo ni mpira.

Kibaba naye ametoka na ndala, yuko mlangoni ananiangalia anasubiri ninyanyuke. Sinyanyuki. Nafungua mfuko wa dagaa, polepole, usikike vizuri.