Maswali ya wasomaji: Gadi ya bodaboda au slaida kwenye pikipiki ya spoti?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Kawasaki Ninja 400 ambayo naiendesha kutoka Kasarani hadi kazini Upper Hill, na Jumapili huenda nayo Magadi Road. Hivi majuzi iliniangukia upande wa kushoto nikiwa nimesimama kwenye kituo cha petroli. Plastiki ikakwaruzika na hendeli ya klachi ikavunjika. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road anataka anichomelee gadi ya chuma kama zile za bodaboda, lakini rafiki yangu anasema ninunue slaida za fremu, vile vipande vya plastiki vya pembeni vya kuikinga pikipiki ikianguka. Nimsikilize nani, na je, slaida naweza kuzifunga mwenyewe? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Msikilize rafiki yako, ingawa slaida peke yake haitoshi. Gadi inaifaa bodaboda kwa kuwa pikipiki ile ni nyepesi na mara nyingi huanguka ikienda polepole. Ninja 400 ina uzito wa takriban kilo 168, na injini yake hubeba mzigo pamoja na fremu, kwa hiyo joto la kuchomelea likidhoofisha bomba moja tu, muundo mzima unakuwa umeingia dosari ambayo rangi itaificha vizuri sana. Isitoshe, umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya injini iwapo betri haikutenganishwa. Sidhani kama fundi wako ana nia mbaya. Anakupa kazi anayoijua.

Slaida ni kipande cha plastiki ngumu, aghalabu nailoni au asetali, kinachoshikiliwa na bolti ndefu inayoingia pale injini inapofungwa kwenye fremu. Pikipiki ikilala, kipande hicho ndicho kinachotangulia kugusa lami na kulika taratibu huku chombo kikiteleza. Ukienda dukani, chungulia ndani ya tundu lake: lazima kuwe na bushi ya chuma, yaani kibomba kifupi cha kupitishia bolti, ili bolti ikaze chuma kwa chuma, na kichwa cha bolti kizame ndani kabisa, maana kikifikiwa na lami kitaichimba. Kichwani pasomeke 8.8 au 10.9, ambazo ni alama za uimara wa bolti; isiyo na alama yoyote, hata iwe imeng'arishwa vipi, usiitie kwenye injini. Wala usivutiwe na slaida ndefu. Kadiri inavyochomoza ndivyo inavyopata nguvu ya wenzo ya kuipinda bolti, na ndivyo inavyoweza kunasa kwenye ukingo wa barabara na kuibirua pikipiki ambayo ingeteleza tu.

Kuzifunga nyumbani kunawezekana, mradi uwe na spana ya kupimia nguvu ya kukaza na kitabu cha matengenezo cha pikipiki yako. Kumbuka kwamba bolti unazozitoa ndizo zinazoishikilia injini: itegemeze kwa jeki, ukiweka kipande cha mbao katikati, na umalize upande mmoja kabla ya kugusa wa pili, kwani zikitolewa zote pamoja injini hushuka kidogo na matundu yakakataa kulingana. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa slaida, au cha kitabu chako ikiwa hakutoa. Baada ya siku chache za kuendesha, kagua tena mkazo wa bolti hizo, injini ikiwa imepoa.

Baadhi ya slaida hudai plastiki ya pembeni itobolewe, na hapo ndipo wengi huharibu. Funga bolti bila slaida, paka kichwa chake grisi, kisha rudisha plastiki mahali pake na uisukume kwa upole. Doa litakalobaki upande wa ndani ndilo kitovu cha tundu. Anza na tundu dogo, ulipanue polepole.

Hata hivyo, kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, mimi ningeanza na kinga ya kava ya jenereta, kifuniko cha sehemu ya injini inayozalisha umeme, upande huo wa kushoto. Kava hiyo ni ya alumini, nyuma yake kuna oili, na ikisagwa na lami mpaka itoboke, oili huweza kumwagikia tairi la nyuma. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, za mashindano ya Superbike hulazimisha kava zote za pembeni zenye oili zifunikwe kwa kava ya pili. Hendeli nayo ni jambo jepesi: usikaze mno kishikio chake, ili ikigongwa izunguke badala ya kuvunjika.

SWALI: Pikipiki yangu imeshaanguka mara moja na slaida zimekwaruzika tu. Nizibadilishe? – Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Plastiki inaweza kubaki ikiwa kichwa cha bolti bado kimezama ndani. Bolti ibadilishe kwa vyovyote, lakini usiitupe kabla ya kuiviringisha juu ya kioo cha dirisha. Ikiyumbayumba, imepinda, na nguvu iliyoipinda ilipitia kwenye fremu. Safisha mahali ilipofungwa kwa mafuta ya taa, ukaushe, umulike kwa tochi kutoka pembeni, na ukiona ufa mwembamba kama unywele, usiiendeshe pikipiki hiyo mpaka fremu ikaguliwe.