Majina ya video kabla ya kuzicheza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mbale, na nimekusanya anwani za video za YouTube katika faili moja ninalolifungua kwa mpv, programu ya kuchezea video. Orodha yangu huonyesha anwani tupu, hivyo siwezi kujua somo lipi ni lipi, wala lina dakika ngapi, mpaka nilicheze na kula bando. Je, ninaweza kupata taarifa hizo kwa programu huria pekee (zile ambazo kila mtu ana uhuru wa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzisambaza), bila kuomba ufunguo wa Google, yaani msimbo wa kibali cha kuuliza huduma zake?
Mwalimu, Mbale

JIBU: Mwalimu, inawezekana, na ufunguo hauhitajiki. Programu ya mpv haisomi yenyewe ukurasa wa video, bali huiachia kazi hiyo yt-dlp, programu nyingine ambayo huutafuta ukurasa, huchambua kichwa, urefu na anwani halisi ya picha na sauti, kisha huirudishia mpv majibu. Kwa kuwa mpv huiita yt-dlp pale tu zamu ya video inapofika, video ambazo hazijafikiwa hubaki na anwani tupu. Kwa hiyo iite yt-dlp mwenyewe mapema. Weka anwani katika orodha.txt, moja kwa kila mstari, kisha andika katika terminali (dirisha la kuandikia amri):

yt-dlp -a orodha.txt --print "#EXTINF:%(duration)s,%(title)s" --print webpage_url > masomo.m3u

Amri hii haipakui video yoyote, na tangu data ilipowekewa ushuru wa asilimia 12 nchini Uganda mwaka 2021, hilo si jambo dogo kwa mshahara wa mwalimu. Kila video hupata mistari miwili: wa kwanza una urefu kwa sekunde na kichwa, wa pili una anwani. Ongeza mstari wa #EXTM3U, unaolitambulisha faili kuwa orodha ya kuchezea, juu kabisa ya faili la masomo.m3u, kisha lifungue kwa mpv, nayo itaonyesha majina.

Umesema programu huria pekee, na sharti hilo ninaliheshimu, kwa hiyo sina budi kulieleza jambo hili waziwazi. mpv na yt-dlp zote ni huria, lakini YouTube hutuma msimbo wake wa JavaScript (lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kurasa za wavuti) ambao si huria, na matoleo mapya ya yt-dlp huhitaji injini kama Deno ili kuuendesha na kupata anwani za kuchezea. Ikiwa hutaki msimbo huo uendeshwe katika kompyuta yako, omba taarifa kwa njia ya oEmbed, huduma inayotoa maelezo mafupi ya video, ukiweka anwani ya video mahali pa neno ANWANI:

curl "https://www.youtube.com/oembed?format=json&url=ANWANI"

Utapewa kichwa, jina la chaneli na anwani ya picha ndogo, ila hutapewa urefu, na kuicheza video kwenyewe kutabaki na tatizo lilelile. Masomo unayoyarekodi wewe ningependa uyaweke kwenye PeerTube, mfumo wa kuhifadhi na kuonyesha video, kwa kuwa seva yake yenyewe ni programu huria na hutoa kichwa, maelezo na urefu kwa yeyote anayeomba.

Usisahau kusasisha yt-dlp mara kwa mara, kwani YouTube hubadilisha kurasa zake na toleo la zamani huacha kufanya kazi.