Risasi ya betri na presha ya baba watoto

SWALI: Daktari, mume wangu anapasua betri za magari hapa uani kwetu, Katuba, anayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kuyauza. Ana miaka 43. Kituo cha afya kilimpima presha, wakakuta 160 kwa 100. Yeye anasema ni mawazo tu, na kila jioni anakunywa maziwa yaondoe sumu. Je, risasi inafika moyoni? Kuna mtu anataka kutuuzia dripu ya kusafisha damu. (Mama wa watoto watatu, Lubumbashi)

JIBU: Mama, inafika. Huingia kwa moshi anaouvuta na kwa mkono unaomega bukari (ugali) kabla ya kuoshwa. Kwenye damu hukaa kama mwezi hivi, halafu nyingi hujificha mifupani miaka na miaka, ikirudi damuni kidogo kidogo. Humo hukakamaza mishipa na kuumiza figo. Presha inapanda na mwenyewe hasikii chochote, mpaka siku ya kiharusi. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilisema wazi kwamba madini ya risasi, kadmiamu na aseniki ni hatari kwa moyo hata zikiwa kidogo. Kama baba anavuta sigara, kadmiamu anaipata humo pia.

Sisemi presha yake yote imetoka kwenye betri. Chumvi na urithi vina sehemu yao. Lakini 160 kwa 100 haisubiri tujue chanzo: arudi kupimwa wiki hii, na akiandikiwa dawa azinywe kila siku.

Maziwa ni chakula kizuri, anywe. Ila hayaendi kutoa risasi iliyokwisha kuingia kwa njia ya mapafu.

Dripu hiyo, tafadhali msinunue. Dawa za kutoa risasi zipo, hutolewa hospitalini kwa mtu ambaye damu yake imepimwa na kukutwa na sumu nyingi sana, na zinaweza kuharibu figo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2024, wagonjwa wa kisukari waliokwisha kupata shambulio la moyo waliwekewa dripu za namna hiyo. Risasi ilishuka damuni kwa 61%, lakini mashambulio ya moyo na vifo havikupungua.

Kinachonikosesha usingizi ni ule ua. Niliwahi kuingia kwenye ua kama wenu: pale moto ulipokuwa, udongo umegeuka kijivu, kuku wanaparura, na mtoto wa miaka miwili ameketi hapohapo analamba vidole. Kazi hiyo itoke nyumbani, mama, hata kabla ya dripu au dawa yoyote. Nguo zake zifuliwe peke yake. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Watoto wapimwe damu, na wewe pia kama una mimba, maana wakati huo mifupa huachilia risasi iliyofichika. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Chenu mnakijua tayari.