Bofya silinda, au bofya juu ya silinda?

Swali: Ninatafsiri mwongozo wa matengenezo ya pikipiki. Ndani yake mna michoro ya injini iliyofunguliwa kipande kimoja kimoja. Ukibofya kipuri, jina lake na namba ya kuagizia hutokea. Niandike "bofya silinda", "bofya kwenye silinda" au "bofya juu ya silinda"? Na zile sehemu za mchoro zinazobofywa niziiteje?

Jibu: Andika "bofya silinda". Kitenzi hiki huchukua yambwa (kile kinachotendwa) bila kusaidiwa: sokoni tunabofya embe kujua kama limeiva, wala hatubofyi juu ya embe. "Kwenye" naivumilia, ingawa haiongezi kitu. "Juu ya" iondoe kabisa. Katika michoro ya aina hiyo vipuri hupangwa kwa utaratibu wa kufungwa kwake, na juu ya silinda ipo gasketi (kipande bapa cha kuzuia uvujaji), kisha hedi (kifuniko cha silinda). Fundi anayesoma Kiswahili kama kilivyo atapeleka kidole kwenye gasketi, aagize asichokihitaji. Hiyo ni hasara ya fedha iliyoletwa na maneno mawili. Lakini kishale cha kompyuta kikipita tu pasipo kubofya, sema "pitisha kishale juu ya silinda", maana ndivyo kinavyofanya.

Kuhusu jina, "sehemu" itakuchanganyia mambo, kwa kuwa kwa fundi sehemu ya injini ni kipuri chenyewe. Mimi nachagua "eneo". Mtengeneza programu huchora mstatili, duara au umbo la pembe nyingi kuzunguka kipuri, na kwa kitu kidogo kama plagi inafaa eneo hilo liwe pana kuliko plagi yenyewe ili kidole kisikose. Basi ni "eneo linalobofyeka", "maeneo yanayobofyeka". Ile -ek- inabeba uwezekano, kama katika mwandiko unaosomeka au njia inayopitika. "Linalobofywa" inasema tu kwamba yupo anayelibofya. Mchoro wako ukiwa na vipuri vinavyoitikia na vingine ambavyo ni picha tupu, tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji. Jihadhari na "maeneo zinazobofyeka", ambayo naiona mara nyingi: upatanisho huo ni wa "sehemu".

Istilahi hizi waachie watengeneza programu. Fundi mwandikie hivi: "Bofya kipuri chochote chenye rangi ya buluu uone jina na namba yake."