Jibu: Ndege ya Maasai Mara inaondokea Wilson, jengo la abiria liko wapi?

Salama ndugu. Umeshuka JKIA, uwanja wa kimataifa wa Nairobi, tiketi ya Mara imeandikwa WIL, yaani uwanja wa ndege wa Wilson, na kwenye ramani huoni jengo kuu. Usilitafute. Pale Wilson, barabara ya Lang'ata, kampuni nyingi za safari zina jengo na lango lake. Kwanza soma jina la kampuni kwenye tiketi, umtajie dereva hilo. Ukimwambia "Wilson" tu atakushusha lango lisilo lako, uanze kukokota mizigo.

Pili, begi. Mara nyingi kikomo ni kilo 15, begi laini, maana sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la Caravan, ile ndege ndogo ya safari. Foleni ya Mombasa Road ipe muda wa kutosha, haina adabu.

Kuhusu jina, si la rais wa Marekani. Ni la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Uwanja uliitwa Nairobi Aerodrome, ukapewa jina lake 1962. Madaktari warukao kwa ndege wa Amref, shirika la afya, wana kituo chao hapohapo. Ukiona ndege yao inawahishwa kuruka, ujue kuna mgonjwa.