Maswali ya Wasomaji: Vivuli Vitatu Mbele ya Filamu Mbovu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili kipindi cha Kimarekani kiitwacho Mystery Science Theater 3000, kisha nikaendelea na mengine. Barua zilizokuja hazina habari na hayo mengine. Basi leo ukurasa wote ni wa kipindi hicho. Nakipenda tangu nilipokuwa najifunza kuhariri picha, na nimengoja muda mrefu mtu aniulize.

Shangazi, shikamoo. Ulisema ni watu wanaotazama filamu mbaya huku wakiisema. Mbona mimi na wadogo zangu tunafanya hivyo sebuleni kila siku? Hicho kipindi kina nini cha zaidi?

Marahaba, mwanangu. Kina hicho hicho mnachokifanya sebuleni, ila kimefanyiwa kazi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jamaa mmoja amerushwa angani na wanasayansi waovu, wanaotaka kuona binadamu atavumilia filamu mbaya ngapi kabla akili haijamruka. Kwa upweke wa huko juu akajiundia roboti za kumliwaza, na vipuri alivyotumia ndivyo ambavyo vingemwezesha kuamua filamu ianze lini na iishe lini. Ndiyo maana hawezi kuizima. Sehemu hiyo hunigusa kila mara: mtu alikuwa na njia ya kujiokoa mkononi, akaivunja ili apate wenzake wa kukaa nao.

Filamu ikianza, unaiona nzima kwenye kioo. Chini kabisa kuna safu ya viti vya sinema, na upande wa kulia wamekaa watazamaji watatu ambao wewe unaona vivuli vyao tu: mtu katikati, roboti Tom Servo upande mmoja na roboti Crow upande wa pili. Hao ndio wanaoongea juu ya filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katikati kuna mapumziko kadhaa ambapo tunawaona kwa nyuso zao, wakifanya vichekesho vifupi ndani ya chombo chao.

Kilianza Novemba 24, 1988, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, katika kituo kidogo cha KTMA, chaneli 23, huko Minneapolis, Minnesota. Aliyekibuni ni Joel Hodgson, mchekeshaji wa jukwaani aliyekuwa pia fundi wa kuunda vitu kwa mikono yake. Mtayarishaji wake, Jim Mallon, alikuwa anafanya kazi kituoni hapo. Kituo kilikuwa na filamu za zamani kwenye makabati na saa tupu za kujaza. Bajeti ya kipindi kizima cha saa mbili, ukihesabu na matangazo ya biashara, ilikuwa kama dola 250.

Mimi ni fundi wa vikaragosi. Nataka kujua roboti hizo ziliundwaje, na kama ule utani ulikuwa unatoka kichwani papo hapo au umeandikwa.

Fundi mwenzangu, umegusa ninapopapenda.

Hodgson aliziunda roboti za kwanza usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, kwa vitu vya nyumbani na vya kuchezea. Mdomo mrefu wa Crow ni kigingi cha plastiki cha mchezo wa bouling kilichopasuliwa katikati. Kile kinachozunguka kichwa chake nyuma, kama wavu, ni kikinga uso cha wachezaji wa lakrosi. Kichwa cha Tom Servo ni lile tufe linaloona ndani la mashine ya kutolea peremende. Ukijua hivyo unaviona vitu vyenyewe, na bado baada ya dakika kumi umesahau, unamsikiliza Crow kama mtu mwenye hasira zake na madaha yake. Wewe unayeshika vikaragosi unajua kazi hiyo iko wapi: iko kwenye shingo. Trace Beaulieu, aliyemshika Crow miaka mingi, alikuwa anamgeuza kichwa nusu tu kuelekea kwa Joel kabla ya kusema neno, na kivuli kile cheusi kisicho na macho kikawa kimekwisha kukuambia kwamba neno linakuja. Tazama kipindi kimoja ukiwa umezima sauti, ukiangalia kivuli chake peke yake. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi.

Safu ya viti nayo ni ubao mwepesi wa povu uliokatwa na kupakwa rangi nyeusi. Hapakuwa na sinema yoyote pale.

Kuhusu utani: kule KTMA walikuwa wanasema kinachokuja, wakati mwingine filamu yenyewe hawajaitazama kabla. Ukitazama vipindi hivyo vya mwanzo utasikia kimya kirefu katikati, watu wanangoja kitu cha kusema. Walipohamia chaneli ya kebo ya vichekesho mwaka 1989, hali ilibadilika kabisa. Waandishi walikaa chumba kimoja, wanaitazama filamu kipande kwa kipande, wanasimamisha, kila mmoja anasema lake na mtu mmoja anapiga chapa yote. Kisha wanachuja, wanapanga kwa sekunde, wanairudia filamu ile ile tena na tena. Kipindi kimoja kikawa na mamia ya vijembe, kila kimoja kimewekwa pale ambapo hakimfuniki mwigizaji anapoongea.

Yule aliyeajiriwa kupiga chapa maneno ya wenzake alikuwa Michael Nelson. Akawa mwandishi mkuu, na mwaka 1993 Hodgson alipoondoka, Nelson ndiye aliyekaa kile kiti cha katikati.

Mimi nimehariri picha miaka mingi na nakwambia: kuitazama filamu mbaya mara ya sita, kwa makini, bila kuruka, ni kazi ambayo hata baadhi ya waliozitengeneza filamu hizo hawakuifanya.

Shangazi, niliwahi kuigiza katika filamu ya bei nafuu. Siku ya kuonyeshwa watu walicheka mahali ambapo mimi nalia. Sijaigiza tena. Niliposoma unasifu kipindi cha kucheka filamu za watu, niliumia. Huo si ukatili?

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Ngoja nikueleze habari ya filamu moja, maana ndani yake kuna mtoto aliyepitia ulichopitia.

Mwaka 1966 huko El Paso, Texas, muuza mbolea aitwaye Harold P. Warren aliweka dau na mwandishi wa filamu Stirling Silliphant kwamba hata yeye anaweza kutengeneza filamu ya kutisha. Akaitengeneza, inaitwa Manos: The Hands of Fate. Fedha ilikuwa kama dola 19,000. Kamera yao ilikuwa ya kutiwa ufunguo kwa mkono, inayopiga picha kwa sekunde 32 hivi kisha inasimama. Haikunasa sauti. Sauti zote ziliingizwa baadaye studioni na watu wachache tu, hata za waigizaji ambao hawakuitwa.

Mmoja wao alikuwa binti mdogo, Jackey Neyman. Baba yake, Tom Neyman, aliigiza mhusika mkuu mwovu na ndiye aliyetengeneza michoro na sanamu za mikono zinazoonekana ndani ya filamu. Mama yake alishona mavazi. Familia nzima ilitoa jasho. Novemba 15, 1966 filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza pale mjini, watu wamevaa vizuri, na binti akangoja kujiona. Alipofungua mdomo kwenye kioo, ikatoka sauti ya mwanamke mzima anayejifanya mtoto. Alilia. Ukumbi ulikuwa unacheka.

Filamu ikafa. Kwa zaidi ya miaka 25 hakuna aliyeijali, mpaka mkanda wake ukafika mikononi mwa wale waandishi wa Minnesota. Januari 30, 1993 kipindi kikaionyesha, pamoja na ile safari ndefu ya gari ya mwanzoni isiyoishia popote na kile kibao cha kuhesabia matukio kilichosahaulika ndani ya picha. Watu walicheka mpaka machozi. Lakini tangu siku hiyo haijasahaulika tena. Mwaka 2011 mpiga picha Ben Solovey aliikuta nakala ya kazi ya milimita 16, yaani ile ya kuhariria, akaisafisha fremu kwa fremu kwa michango ya watu walioijua kupitia kipindi. Na yule binti, sasa mtu mzima, ameandika kitabu kizima kuhusu kukua na filamu ile, na hukutana na mashabiki wake.

Sikwambii habari hii ili uone kwamba kilichokupata hakikuwa kitu. Kilikuwa kitu. Nakwambia kwa sababu kuna kicheko kinachotoka nje ya mlango na kuondoka, na kuna kicheko kinachokaa saa mbili na filamu yako, kinaitazama kila fremu na kinajua hata jina la aliyeshona mavazi. Wenzako siku ile walikupa cha kwanza. Na sitetei kila kitu kipindi kilichofanya: kuna vipindi walimcheka mwigizaji kwa unene wake mpaka ikachosha, na hapo mimi huona uvivu, maana mwili si uamuzi wa kisanii. Uhariri ni uamuzi. Taa ni uamuzi. Kuweka dakika tano za gari barabarani ni uamuzi, na huo tuucheke.

Swali moja nakurudishia: mahali ulipolia, sauti ilikuwa yako au iliingizwa baadaye? Nimeona machozi mengi ya kweli yakiharibiwa na maikrofoni iliyowekwa mbali. Niandikie.

Kwenye kiti cha katikati, Joel au Mike Nelson?

Joel. Ana sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na bado ana huruma. Lakini ukianza na Mike hujapotea. Filamu zake ni mbaya kwa namna ya kufurahisha zaidi.

Shangazi, nimetafuta vipindi vyote na baadhi havipatikani kihalali popote. Kwa nini, na chenyewe ni maarufu hivyo?

Kwa sababu kila kipindi kina wenyewe wawili. Utani ni wa walioutunga, lakini filamu iliyo chini yake ina mwenye hakimiliki wake, na haki ya kuionyesha kwenye televisheni haikuwa haki ya kuiuza kwenye diski. Kila toleo linadai mazungumzo mapya, na wengine hawataki. Mwaka 2006 seti moja ya DVD, ile ya 10, ilibidi iondolewe sokoni kwa sababu ya filamu ya Godzilla iliyokuwamo.

Lakini tangu mapema kulikuwa na njia nyingine. Katika misimu ya mwanzo, kwenye majina ya mwisho, watengenezaji wake waliandika ombi kwa watazamaji waendelee kusambaziana kanda. Ndivyo mimi nilivyokipata. Mjomba wangu aliniletea mkanda mmoja wa VHS kutoka Marekani, umerekodiwa pamoja na matangazo ya biashara. Mashine yetu ilikuwa ya mfumo wa picha uitwao PAL na mkanda ni wa NTSC, mfumo wa Marekani, hivyo picha ilitoka bila rangi, inapanda juu na kurudi chini bila kutulia. Nilitazama hivyo hivyo. Vivuli vilikuwa vyeusi tayari, basi kwao hakikupungua kitu, na sauti ilikuwa safi. Nusu ya utani sikuielewa, ulihusu watu na vipindi vya Marekani nisivyovijua. Nusu niliyoielewa ilihusu mkato mbaya, kivuli cha maikrofoni ukutani, mtu anayevaa koti na fremu inayofuata hana. Hiyo ilikuwa shule yangu.

Usambazaji huo ndio uliokiokoa. Comedy Central, chaneli ya kebo iliyokuwa ikikionyesha, ilipokifuta mwaka 1996, mashabiki waliandika barua mpaka Sci-Fi Channel ikakichukua kuanzia 1997 hadi 1999. Kisha kimya cha miaka mingi. Mwishoni mwa 2015 Hodgson aliomba michango ya umma kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, na watu zaidi ya 48,000 wakatoa dola zaidi ya milioni 5.7. Mwaka 2017 kikarudi kupitia Netflix, na mchekeshaji Jonah Ray kwenye kiti.

Sisi ni vijana wanne, tuna kompyuta moja na maikrofoni mbili. Tunataka kutengeneza cha kwetu. Tuanzie wapi, Shangazi, bila kushtakiwa?

Msipakie filamu ya mtu. Wale waliofuata nyayo za kipindi waliona njia nzuri: mwaka 2006 Michael Nelson alianzisha RiffTrax, baadaye wakaungana naye Kevin Murphy na Bill Corbett, sauti za Tom Servo na Crow wa misimu ya mwisho. Walirekodi maneno yao peke yake na kuuza faili ya sauti. Mtazamaji anatafuta filamu mwenyewe, anaanzisha vyote viwili kwa pamoja. Njia nyingine ni filamu ambazo hakimiliki yake imekwisha, lakini hakikisheni hilo kwa sheria za nchi yenu, si kwa maneno ya mtu.

Kisha mchague mmoja wa kupiga chapa. Itazameni filamu yote mara moja mkiwa kimya. Mara ya pili ndipo mseme, na yeye aandike hata yale mnayoona ni upuuzi. Kijembe kikidumu sekunde nne na mwigizaji amenyamaza sekunde tatu, kikateni. Nileteeni dakika kumi za kwanza mkimaliza, nitazisikiliza zote.